Mwaka wa Wanasesere Wasio na Macho

Neema alipofika kwangu mwezi uliopita, sikumjua. Niliona mwanamke mrefu amesimama mlangoni na mkoba mmoja, viatu vimejaa vumbi la njia ya Gatumba, akaniambia, "Tanti Zuhura, ni mi, Neema," nami nikabaki nimeshika mwiko, nimesahau hata nilikuwa napika nini. Alikuwa anatoka Uvira kumzika baba yake. Alikuwa na siku moja tu ya kupumzika Bujumbura kabla ya kuendelea na safari ya kurudi anakoishi, na siku hiyo ameichagua kuja kukaa nami hapa Buyenzi. Nilimpa pole, nikampa maji ya kunawa, nikamtandikia mkeka. Watu waliojuana mwaka mmoja tu, tena zamani, hawajui mazungumzo yaanzie wapi. Na mimi kwa umri huu misiba imenichosha. Naenda, nalia panapotakiwa kulia, naosha masufuria, narudi nyumbani nalala. Lakini msiba wa Baba Neema ulinikalia vingine, na nilijua kwa nini kabla hata binti yake hajatoa simu kwenye mkoba.

Ile filamu ya baba yake anayo kwenye simu. Sikushangaa, karibu kila mtu anayo. Mwanangu wa mwisho aliwahi kuniletea, yeye na rafiki zake wamekumbatiana kwa woga na kucheka, akaniambia hii ndiyo filamu ya kutisha kuliko zote zilizowahi kutengenezwa mjini kwetu, ya wanasesere wasio na macho, na kwamba ukiitazama peke yako yule mama atakuita kwa jina. Nikamwambia hao wanasesere niliwashona mimi, kwa cherehani ile ile iliyoko sebuleni. Walicheka mpaka wakakaa chini. Sikubishana nao. Utamwelezaje mtoto kwamba kitu kinachomnyima usingizi kilitengenezwa ili mtoto mwingine apate usingizi? Nilirudi jikoni kuosha dagaa, hawa ndagala wetu, nikawaacha waogope kwa raha zao.

Mwaka ule wa wanasesere nilikuwa sijaolewa, nashona barazani kwa Hajati. Hajati alikuwa mama wa makamo, mjane, mwenye nyumba ya vyumba vingi vilivyozunguka ua, na mdomo ambao mafundi wote wa gereji za jirani waliuogopa. Baba Neema alikuja barazani siku moja kuomba vipande vya vitenge vilivyobaki. Nilidhani ni wa kutengeneza magodoro. Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, anaishi chumba kimoja Kinama na binti yake wa miaka kama sita hivi, na mchana anabeba makatoni kwenye depo moja ya sabuni kule kwenye viwanda, Zone Industrielle. Kule kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Mkono wake ulinukia sabuni kila siku ya Mungu, hata Jumapili. Akakaa kwenye gogo la fundi viatu, akanieleza taratibu, kama mtu anayesimulia shida ya jirani. Mke wake alifia njiani walipokuwa wanakimbia. Hawakutoka hata na picha moja. Neema mwanzoni alikuwa akimtaka mama yake kila jioni, baadaye akawa anauliza tu mama alikuwa namna gani, na sasa hata kuuliza alikuwa anaacha.

"Anamusahau, dada," aliniambia. "Mi naona kabisa vile anamusahau."

Alijaribu kumchora mkewe kwenye makatoni ya sabuni, na kila sura aliyochora Neema aliitikisia kichwa. Sasa alitaka kutengeneza filamu. Rafiki yake mmoja wa Kamenge alikuwa na kompyuta na kamera ndogo ya picha, na alimfundisha jinsi ya kufanya kitu kisicho na uhai kitembee: unapiga picha, unakisogeza kidogo, unapiga nyingine, halafu kompyuta inaziunganisha. Ingekuwa filamu fupi. Mama anapika, anamwita mtoto, wanakula, mtoto analala. Hakuna kingine. Nilimuuliza kama hakutakuwa na hadithi, akasema hiyo ndiyo hadithi.

Alihitaji mtu wa kushona wanasesere na chumba chenye dirisha kubwa. Mtu alikuwa mimi. Chumba kilikuwa cha Hajati, kile cha uani alichowekea magunia ya mchele, na Hajati hakutoa kitu bila sharti. Alitusikiliza akiwa ameegemea nguzo, kanga ya kichwani imekazwa vizuri, halafu akasema chumba tuchukue, magunia atayahamisha, lakini sanamu yenye sura hataki. Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye sanamu, na yeye ni mtu mzima, anawahitaji malaika kuliko sisi tunavyohitaji filamu.

"Musiweke macho, musiweke mudomo," alisema. "Hapo mi sina neno. Ni kitambaa tu."

Baba Neema alikuwa Mkristo, na angeweza kuudhika. Hakuudhika. Nami wala sikuona tatizo, kwa sababu wanasesere wote wa utoto wangu walikuwa hivyo hivyo. Bibi zetu walitufungia magome ya migomba, wakatuvishia kipande cha kanga, wakatupa, na hakuna aliyewachorea uso. Tuliwabeba mgongoni, tukawanyonyesha, tukawachapa, tukawalaza. Wa kwangu alikuwa na macho makubwa na hasira nyingi, nayakumbuka mpaka leo, na hayakuwako. Kwa hiyo sote watatu, Hajati na imani yake, Baba Neema na haraka yake, mimi na utoto wangu, tulikubaliana bila hata mmoja wetu kufikiri mara mbili. Hapo ndipo tulipokosea, na kosa lenyewe ni la watu wa hapa kabisa, maana mtu aliyekulia na wanasesere wa dukani angeliona mara moja.

Tulifanya kazi Jumapili, na jioni zile alizowahi kutoka depo. Makatoni yakawa kuta za nyumba. Vifuniko vya soda vikawa sahani. Bugali, yaani ugali, tuliuchonga kwa sabuni iliyovunjika, na mpaka leo nikinusa sabuni ya kufulia naona njaa. Neema alikaa juu ya gunia moja lililobaki, ametulia kama mgeni, anatazama. Mimi nilikuwa nimemaliza kushona, nikadhani kazi yangu imekwisha, kumbe ndiyo kwanza imeanza. Baba Neema hakujua kumsogeza yule mama mpaka aone kwanza mwili wa mtu. Alinipa kiti kifupi na sufuria tupu, akaniambia nipike. Nikapika kama ninavyopika. Akatikisa kichwa.

"Apana, si vile. Mukono ya kushoto kwanza, unaweka ku kiuno. Kisha unainama. Rudia, dada."

Nikarudia. Mkono wa kushoto kiunoni, kuinama polepole, kukoroga, kuinuka, kufuta mikono kwenye kitenge, wa kushoto kwanza halafu wa kulia, kisha kuinua kidevu kidogo kumwita mtoto aje ale. Hakuna kupaza sauti, ni kidevu tu. Alikuwa akinitazama huku amefumba jicho moja, anasema unakwenda haraka mno, au sasa umeinama kama mtu anayeokota kitu, au kidevu kimepanda sana, mkewe hakuwa mtu wa maringo. Rudia. Siku nyingine mgongo uliniuma mpaka nikamwambia kwa hasira kwamba mkewe mwenyewe hakuwahi kupika chakula kimoja mara zote hizo. Akaomba msamaha, halafu baada ya muda akasema tena, kwa upole, rudia. Wanawake wa uani walikuwa na maneno yao. Niliwasikia karoni wakisema kwamba Zuhura sasa anamchezea ngoma yule Mkongomani mlango umefungwa, ingawa mlango ulikuwa wazi na Hajati mwenyewe anapita kila mara. Sitasema uongo, maneno yale hayakuniudhi kama yalivyopaswa kuniudhi. Hakuna mwanamume aliyewahi kunitazama kwa makini namna ile, na hakuna aliyenitazama hivyo tena baadaye, hata niliyeolewa naye. Nilijua anamtafuta mwingine ndani yangu. Nilimwonea wivu marehemu, nikaona aibu, nikaendelea kuinama.

Mambo mengine yote yaliyofanya filamu ile itishe yalitokea yenyewe. Taa hatukuwa nayo ya uhakika, tulitegemea dirisha, na kila wingu lililopita liliacha alama yake, kwa hiyo katika filamu vivuli vinaruka ukutani kana kwamba kuna mtu wa tatu ndani ya nyumba. Sauti tuliinasa kwa radio kaseti ya Hajati. Neema aliimba, mdomo umefumba, wimbo ambao mama yake alizoea kuuimba hivyo, hauna maneno, na kumbe betri zilikuwa zinakaribia kuisha, kaseti ikaenda kwa kusitasita, na tulipousikiliza baadaye kwenye radio nyingine, sauti ya mtoto ilikuwa inapanda na kushuka kama mtu anayelia na kucheka pamoja. Sisi tulisema ni nzuri. Tulikuwa tumechoka, tumeipenda kazi yetu, na mtu wa hali hiyo haoni kitu. Hajati ndiye pekee aliyeona, lakini aliona kingine. Siku ile rafiki wa Kamenge alipoleta kompyuta tukaitazama filamu chumbani, Hajati alisimama mlangoni akijifanya anatafuta ungo. Filamu ilipoisha alimuuliza Baba Neema kama mkewe alikuwa mjamzito. Baba Neema alimtazama. Hajati akasema mwanamke hashiki kiuno namna ile kabla ya kuinama bila sababu. Baba Neema akajibu ndiyo, mimba ilikuwa kubwa, na wote wawili, mama na mtoto, walizikwa pamoja. Hajati aliingia, akaketi kwenye gunia karibu na Neema, wala hakuutafuta tena ule ungo.

Na Neema? Neema alilala usiku ule. Baba yake aliniambia kesho yake, amepita barazani makusudi kabla ya kazi, macho yake mekundu. Rafiki aliwaachia kompyuta usiku ule, Neema akaomba filamu iwekwe tena na tena, na yule mama alipogeuka na kuinua kidevu, Neema aliitika na kusema mama ananitazama. Baba yake alimuuliza macho yake yakoje, akasema makubwa, moja limefumba kidogo. Ilikuwa kweli. Mkewe alikuwa na kope moja iliyolala, na yeye mwenyewe alikuwa amesahau. Nilishangilia kimya kimya, nikashona siku nzima bila kuchoka.

Laiti ingeishia hapo. Lakini yule rafiki alikuwa anamfahamu msimamizi wa ukumbi mmoja wa vijana kule Kamenge, na kulikuwa na siku ya watoto, na Baba Neema alitaka watoto wengine waliopoteza wazazi nao waone. Ukumbi ulijaa. Walikaa chini kwenye mikeka, wadogo mbele, wengine wamekuja na mama zao. Kitambaa cheupe kilikuwa kikubwa kuliko ukuta wa chumba changu. Na mimi, niliyewashona wale wanasesere kwa sindano yangu, nilipomwona yule mama anainuka pale mbele, mrefu kuliko mtu, anafuta mikono, anatugeukia bila uso, na kuinua kidevu kutuita, nilihisi baridi mgongoni. Mtoto mmoja alilia. Kisha wote. Walikimbilia mlangoni wakikanyagana, mama mmoja akambeba wake akisema hayo ni mambo ya wafu, na katika ule mkanyagano wimbo uliendelea, sauti ya Neema ikipanda na kushuka. Neema alibaki amekaa peke yake katikati ya mikeka. Alikuwa ameitambua sauti yake. Alimtazama baba yake, akaangalia mlangoni walikokimbilia wenzake, na nikaona kabisa anajaribu kuelewa wanamkimbia nani. Siku nyingi nimekuwa nikifikiri juu ya hilo. Mwanasesere ukimshika mkononi, ni wewe unayempa macho. Akijisogeza mwenyewe, mkubwa kuliko wewe, unangoja akupe yeye, naye hana.

Msimamizi wa ukumbi hakuwa mtu mbaya. Alisema wazo ni zuri, tatizo ni sura tu, tukiwawekea macho na vinywa ataionyesha tena sikukuu ijayo na ataongea na watu wa shule nyingine. Baba Neema alifikiri siku kadhaa. Hakutaka kuvunja sharti la Hajati, kwa hiyo aliwachukua wanasesere mpaka kwake Kinama, nami nikaenda na sindano na vifungo viwili vyeusi vya shati. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, meza, na makatoni ya sabuni yenye zile sura alizochora zamani, amezigeuza zitazame ukuta. Nikashona jicho la kwanza, nikashona la pili, nikatia uzi mwekundu kuwa mdomo. Alikuwa amependeza, yule mama. Alikuwa kama wanasesere wa kwenye maduka ya mjini. Nikamkabidhi Neema aliyekuwa amekaa mkekani anakula. Alimpokea kwa mikono miwili, akamtazama, akamgeuza, akamtazama tena, kisha akamweka chini kwa adabu, mbali kidogo na sahani yake.

"Huyu mi simujui," alisema. "Murudishe ule mwingine."

Hakulia. Aliacha kula tu. Baba yake alinitazama, nami sikungoja kuambiwa, nikakata uzi, nikatoa vifungo, nikafumua mdomo. Matundu ya sindano yalibaki. Neema alimchukua tena, akamlaza pajani, akamaliza chakula chake. Baba Neema alimwambia msimamizi kwamba filamu itabaki ilivyo, na msimamizi akasema basi.

Kumbe haikubaki. Rafiki wa Kamenge alikuwa ameinakili kwenye diski, mmoja akampa mwingine, na kabla ya mwaka kuisha ilikuwa kwenye vibanda vya kukodisha filamu, imepangwa na za mizimu. Vijana walipeana changamoto ya kuitazama mpaka mwisho. Baba Neema alipitishwa mbele ya kibanda kimoja na wapagazi wenzake, wakamwonyesha, hawajui ni yake. Alikuja barazani jioni ile, akakaa kwenye gogo lile lile. Nilimwona amezeeka.

"Mi nilimupikia mutoto wangu chakula," aliniambia. "Watu wanasema ni sumu."

Nikamwambia tu kwamba aliyepikiwa amekula. Muda si mrefu baadaye walirudi upande wa Kongo, kwa ndugu yake. Alikuja kuaga, Hajati akamfungia Neema mandazi kwenye kitambaa, mimi nikampa binti sketi ya kitenge, na sikumpa baba yake kitu chochote, ingawa nilikuwa na mengi ya kusema. Hajati naye amekwenda mbele ya haki. Chumba cha uani kina mpangaji, fundi simu.

Hayo yote nilikuwa nayawaza Neema alipoiweka simu juu ya mkeka kati yetu na kuniambia alichokuja kuniambia. Alisema usiku wa matanga alitaka kumwona mama yake, kama alivyozoea kila akipata shida. Akaifungua filamu. Yule mama akageuka, na Neema aliogopa. Aliogopa kama watoto wa Kamenge. Akaona kitambaa, na vivuli vinavyoruka, na kitu kisicho na sura kinachomwita. Alijaribu tena njiani, ndani ya gari, mchana kweupe, ikawa hivyo hivyo. Wanasesere wenyewe walishaliwa na panya zamani. Na mtu pekee aliyeujua uso ule walikuwa wamemfukia juzi.

Alisema yote hayo bila kulia, kwa sauti ya mtu aliyechoka, na akaniuliza kama baba yake aliwahi kunieleza zaidi ya ile kope. Nikamwambia ukweli kwamba hakunieleza. Sikuwahi kumwona mama yako, nilisema, sijui lolote juu ya uso wake. Akaitikia, akaizima simu, akairudisha kwenye mkoba. Niliumia, na sikujua la kufanya, na kwangu mimi nisipojua la kufanya naenda jikoni. Ndagala niliowaacha motoni walikuwa wanaanza kushika chini. Mlango wa jiko langu unatazamana na mkeka. Magoti yangu hayana nguvu siku hizi, kwa hiyo niliinama taratibu, nikakoroga, nikainuka, nikafuta mikono kwenye kitenge, nikageuka kumwita aje ale.

Neema alikuwa amesimama. Mkono mmoja ameuweka mdomoni. Nilidhani msiba umempanda, nikaanza kumwuliza ana nini, ndipo nikauhisi mwili wangu ulivyokaa: kidevu kimeinuka kidogo, kitenge kina alama za maji, kushoto nilikofuta kwanza, kisha kulia. Miaka yote hii nimepika hivyo, mume akala, watoto wakala, na hakuna aliyejua ni upishi wa nani. Hata mimi nilikuwa nimesahau kwamba nilifundishwa.

"Rudia, tanti," alisema Neema.

Mgongo uliniuma. Nikaweka mkono wa kushoto kiunoni, nikainama.